Chakula cha jioni siku za shule: watoto wasilale kabla mchuzi haujaiva

MamaWatatu_Nansana

Habari za jioni ndugu zangu. Kila juma kuna mtu anauliza "leo nipike nini?", na majibu yanakuja yale yale: wali, matoke, posho (ugali), maharagwe. Mimi naona vyakula tunavijua sote. Kinachotushinda, hasa sisi wa Kampala na Wakiso, ni saa.

Mzazi anatoka kazini saa kumi na moja. Anapanga foleni ya taksi, anakaa kwenye jam, anafika nyumbani saa moja na nusu. Sigiri inawashwa saa mbili, chakula kinateremka saa tatu, kwa wengine saa nne. Sasa mtoto wa miaka minne aliyeamshwa saa kumi na moja alfajiri ili awahi gari la shule atafikaje hiyo saa tatu? Analala kwenye kochi na sare yake. Ukimwamsha anatafuna macho yamefumba, vijiko vitatu, amechoka. Kesho yake chai na mkate, amekwenda. Hesabuni wenyewe: kutoka Jumatatu hadi Ijumaa mtoto huyo hajapata mlo wa maana nyumbani kwao, na chakula kipo. Hilo linaniuma sana, kwa sababu si umaskini, ni mpangilio tu.

Msimamo wangu ni huu: mtoto mdogo ale saa kumi na mbili na nusu, ikichelewa sana saa moja. Mkubwa atakula akifika. Ili hilo liwezekane, kazi ndefu ya moto itolewe jioni, ifanywe mchana au usiku wa jana. Jioni ibaki kazi ya nusu saa ambayo dada wa kazi, shangazi au yeyote aliye nyumbani anaimaliza bila kukupigia simu.

Nianze na maharagwe, maana ndiyo yanayokula makaa kuliko kitu chochote. Kwangu yanalowekwa usiku. Mchana maji ya kulowekea yanamwagwa, yanawekwa maji mapya, na sufuria inachemka nusu saa kwa moto mkali. Huo mchemko hauna mjadala, hasa kwa maharagwe mekundu, kwa sababu yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiondoi. Baada ya hapo sufuria na kifuniko chake inaingia kikapuni. Kikapu ni kile kikubwa cha sokoni. Chini na pembeni nimeshindilia majani makavu ya mgomba mpaka pakabaki shimo la kutosha sufuria tu, nikatandika shuka la zamani ili majani yasimwagike, na juu unakaa mto mzito uliojazwa vitambaa. Ukiingiza saa nane, saa kumi na mbili unafungua mvuke unakupiga usoni, na maharagwe yanapondeka kwa vidole viwili. Makaa yaliyotumika ni ya nusu saa. Yakitoka hapo yanachemshwa tena na kuungwa kwa kitunguu, nyanya na karoti. Wali nao unakubali kikapu: ukishachemka na maji kuanza kupungua, uingize, usiufungue mpaka nusu saa ipite.

Siku ya matoke napika katogo. Najua wengi wanaijua kama chakula cha asubuhi, lakini kwa jioni ya siku ya kazi sijaona sufuria moja inayomaliza mambo kama hiyo. Ndizi zinamenywa mchana, mikono imepakwa mafuta sababu ya utomvu, zinakaa majini zisiwe nyeusi. Jioni unaweka vitunguu na nyanya chini, matoke juu, maji ya kufunika. Karanga za kusaga zikorogwe kwanza na maji baridi kwenye bakuli mpaka ziwe laini, ndiyo umimine. Usifunike, zitafurika na kuzima sigiri. Moto mdogo, uache pole pole mpaka uone mafuta ya karanga yanaelea juu. Kama dakika arobaini. Mwishoni kabisa tupia mboga ya majani, dodo au nakati, iliyokatwa ndogo, dakika tano, teremsha. Mtoto anapata ndizi, karanga na mboga ya majani katika sahani moja, na hawezi kuchagua mboga na kuitupa pembeni kwa sababu imeshashikana na mchuzi.

Karanga zenyewe msinunue zilizosagwa tayari kama hamjui zilikotoka. Karanga zilizolowa au kuhifadhiwa vibaya zinaota ukungu, na ukungu huo unatoa sumu ya aflatoksini ambayo kupika hakuiondoi. Nunua punje, kaa chini uchambue, tupa zilizokunjamana, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kisha peleka mashineni zisagwe mbele yako.

Karibuni, kila mtu aseme kwake inakwendaje.

BabaPacha_Bweyogerere

Asante nyabo kwa uzi huu. Kwangu hali ni tofauti kidogo. Mimi na mke wangu wote tunafanya kazi, dada hatuna. Pacha wana miaka mitatu, tunawachukua wanapotunzwa saa kumi na mbili jioni, tunaingia nyumbani saa kumi na mbili na nusu wakiwa na njaa ya kulia. Hakuna wa kuingiza sufuria kikapuni saa nane. Tufanyeje?

Bibi_wa_Bombo

Wajukuu zangu hamjambo. Mimi nina neno. Mnataka watoto wale saa yao na wakubwa saa yao. Kwetu Bombo tulikua kwenye sinia moja. Mtoto anajifunza adabu hapo: kula mbele yako, kumsubiri mkubwa aanze, kumwachia mwenzio nyama. Akila peke yake na dada wa kazi atajifunza wapi hayo? Na matoke, samahani mama, matoke ni ya kufunga kwenye majani ya mgomba yakapata mvuke saa nyingi. Hiyo yenu ya kuchemsha na nyanya ni chakula cha haraka.

MamaWatatu_Nansana

Shikamoo Bibi. Ni kweli tupu, na sitaki sinia life. Kwetu Jumamosi na Jumapili tunakula pamoja mchana, hapo matoke yanafungwa kwenye majani kama ulivyosema, yanapikwa tangu asubuhi, na hakuna mwenye haraka. Siku za kazi, yeyote aliyewahi kufika anakaa na watoto mkekani, hata kama hali, anashika kikombe cha chai, anawauliza ya shule. Adabu wanafundishwa hapo. Ila siwezi kumfundisha adabu ya sinia mtoto ambaye saa tatu usiku amelala.

Bibi_wa_Bombo

Hapo tumeelewana mama. Wakae na mtu mzima, wasiachiwe televisheni. Basi na mimi nisaidie: gurusa. Unga wa ngano unaukoroga na maji, uji mzito kiasi, unamwaga kwenye kikaango cha moto, unatandaza, dakika mbili unageuza. Mchuzi wa jana ukichemshwa vizuri unakula nao. Huyo baba wa pacha ataweza, hata kama hajui kupika.

Muuguzi_Entebbe

Mimi ni muuguzi, nafanya zamu, na watoto wangu wawili ni wadogo bado, kwa hiyo hili linanigusa pande zote mbili. Niongeze machache ya usalama.

Kikapu ni kizuri, lakini chakula kisishinde humo kutwa. Kikishapoa na kuwa vuguvugu, vijidudu vinazaliana. Muda wa saa nne kama alivyosema mwenye uzi ni sawa, mradi kichemshwe tena kabla ya kuliwa. Msiingize asubuhi mkafungua jioni. Wali ndio wa kuogopa zaidi: una bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemsha, na wali ukikaa nje usiku kucha hutoa sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi. Kiporo cha wali kiingie friji mapema, kama friji hamna, pikeni wa kumaliza.

Pili, chai. Tunawapa watoto chai ya majani pamoja na chakula cha jioni, na chai hiyo inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe na mboga. Chai isogezwe mbali na mlo. Badala yake mtoto ale na kipande cha chungwa, papai au pasheni, au kamulia limau kwenye maharagwe. Vitamini C inasaidia chuma kuingia mwilini. Ni kitu kidogo, hakina gharama, na upungufu wa damu kwa watoto wetu wadogo ni jambo ninaloliona kazini.

Tatu, karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano. Zinakaba. Za kusaga hazina shida.

Fundi_Mukono

BabaPacha, nunua sufuria ya presha ya umeme. Mimi nashughulika na nyaya za nyumba za watu na naona wengi wanaiogopa wakidhani itamaliza Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla. Haimalizi. Imefunikwa, joto halitoki, ikishafika presha inajizima na kuwaka kidogo kidogo. Maharagwe yaliyolowekwa hayafiki saa moja, na yuniti moja haiishi. Kinachokula umeme ni koili ya wazi inayowaka jioni nzima. Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: bei ya umeme wa majumbani imepangwa kwa ngazi, na kuna ngazi ya kupikia, kuanzia yuniti ya 81 hadi ya 150 kwa mwezi, ambayo bei yake ni nafuu kuliko ya ngazi iliyo kabla yake tu. Iliwekwa makusudi ili watu waache makaa. Kwa hiyo usiku watoto wakishalala, weka maharagwe, yakiiva yagawe kwenye vibakuli, yaingie friji. Jioni ni kuunga tu.

Ila usichomeke kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Chomeka ukutani.

Mama_wa_Gulu

Habari kutoka kaskazini. Huku makaa yamekuwa hadithi ndefu tangu Mei 2023 Rais alipotoa amri ya kuzuia biashara ya makaa Acholi, Lango na West Nile. Miti yetu ilikuwa inaisha, kwa hiyo amri naiunga mkono, lakini mwenye kupika lazima abadilike. Mimi natumia kuni chache na jiko la udongo lililojengwa vizuri, na nimechagua vyakula visivyotaka moto mrefu.

Siri yetu ni odi. Karanga na simsim zinakaangwa, zinasagwa pamoja mpaka mafuta yatoke. Inakaa chupani bila friji, mradi kijiko kinachoingia ni kikavu. Jioni nachemsha boo au mboga yoyote ya majani, nachota vijiko vya odi, nakoroga, dakika ishirini mchuzi uko tayari na viazi vitamu vimeiva upande wa pili. Malakwang, mboga ya majani, nayo ni tamu sana, ila uchachu wake watoto wadogo wengine wanaukataa mwanzoni. Chemsha, mwaga maji ya kwanza, ndiyo utie odi.

Mtu wa Kampala anayetaka kupunguza kazi za jioni, hiyo odi aitafute.

Mwalimu_Tororo

Nimesoma wote, mna maneno mazuri, lakini kuna jambo mmeliruka. Watoto wetu wanakula nini shuleni mchana? Posho na maharagwe. Jumatatu posho na maharagwe, Jumanne posho na maharagwe. Mimi nafundisha darasa la pili, ninawaona. Mtoto akifika nyumbani akakuta maharagwe tena, anakwambia ameshiba, naye hajashiba. Wazazi wanamwita mkaidi. Mimi nasema mtoto ana haki. Maharagwe ni chakula bora, siyapingi, lakini mchana yapo tayari.

Nyumbani kwangu jioni ni mukene. Wa Kenya ndio wanaoita omena, Watanzania dagaa. Ni wa bei nafuu kuliko sato, analiwa na mifupa yake, na hiyo mifupa ndiyo kalsiamu. Nunueni waliokaushwa juu ya nyavu au chanja, si waliomwagwa chini kwenye mchanga, maana mchanga huo hautoki hata uoshe mara ngapi, na mtoto akishauma mchanga mara moja umempoteza, hatagusa tena. Unawaosha kwa maji ya moto, unawakaanga bila mafuta mpaka wakauke na harufu ipungue, ndiyo unaunga na kitunguu, nyanya nyingi na karanga. Kwa mdogo kabisa, aliyeanza kula baada ya miezi sita, wakaange, saga wawe unga, chekecha, tia kijiko kwenye mchuzi au viazi vya kuponda.

Na badala ya posho ya mahindi, kalo. Unga wa wimbi umechanganywa na wa muhogo, maji yakichemka unasonga, haizidi robo saa. Wimbi una kalsiamu na chuma kuliko mahindi meupe yaliyokobolewa. Sisi wa mashariki na wenzetu wa magharibi tunakutana kwenye kalo.

MamaWatatu_Nansana

Mwalimu, umenifungua macho. Hilo la shule nalibeba leo leo. Maharagwe nitayabakiza siku moja ya juma, nayo nitayamenya maganda na kuyaponda kama firinda ya watu wa magharibi, mtoto asione sahani ya shule mbele yake.

BabaPacha_Bweyogerere

Nimeandika yote. Sasa naombeni mnipangie, maana mkisema vyakula ishirini nitarudi kwenye chapati za barabarani. Na hizo chapati jamani, roleksi na kikomando (chapati na maharagwe) ni dhambi kumpa mtoto?

Muuguzi_Entebbe

Si dhambi. Roleksi ni mayai, nyanya, kabichi na chapati. Ukiikaanga nyumbani kwa mafuta kidogo na kuongeza dodo kwenye mayai, ni chakula kamili. Usiku wa jana kanda unga, kata madonge, yafunike friji. Ukifika, chapati mbili tatu na mayai, robo saa pacha wanakula. Shida ya barabarani ni mafuta yaliyotumika tangu asubuhi na nyanya zisizooshwa.

MamaWatatu_Nansana

Baba Pacha, chukua hii uibadilishe utakavyo. Jumapili jioni pika mchuzi wa msingi mwingi: vitunguu, nyanya, karoti, kitunguu saumu, uupunguze mpaka uwe mzito. Gawa kwenye vibakuli vinne, kimoja friji, vitatu sehemu ya barafu. Huo ndio unaokuokoa, maana kukata vitunguu na mtoto analia miguuni ndiko kunakochosha, kupika si kazi.

Jumatatu mko na nguvu bado: viazi vitamu vya rangi ya chungwa na karanga, ukiongeza bakuli la kwanza la msingi. Viazi vikate vidogo, dakika ishirini. Jumanne roleksi ya nyumbani. Jumatano mukene na kalo, msingi wa pili. Alhamisi firinda kutoka sufuria ya presha na wali mpya, msingi wa tatu. Ijumaa katogo, yatakayobaki mle ninyi wenyewe usiku. Jumamosi msingi wa nne uuingize kwenye chochote, mpumzike.

Hivyo viazi vya rangi ya chungwa nimeviweka mwanzo makusudi. Rangi ile ndiyo vitamini A yenyewe inakotokea, na mwili unaichukua vizuri ikiliwa na mafuta, ndiyo maana karanga inakaa pembeni yake. Na ni kazi ya watu wetu: Robert Mwanga, Mganda, alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Dunia ya Chakula mwaka 2016, yeye, Maria Andrade na Jan Low kwa viazi hivi, na Howarth Bouis kwa kazi ya kuongeza virutubishi kwenye mazao. Mtu amehangaika miaka kutafuta kiazi kinachostahimili magonjwa ya huku na chenye vitamini ndani, halafu sisi sokoni tunavipita tukitafuta vyeupe kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Vile vina unga zaidi, nakubali, lakini watoto wanapenda hivi kwa utamu na ulaini. Kwangu havibaki.

Fundi_Mukono

Sokoni huku Mukono mara vipo, mara havipo. Nina kipande cha ardhi nyuma ya nyumba. Mtu anapata wapi mbegu?

Mwalimu_Tororo

Havipandwi kwa mbegu, ni marando. Uliza kituo cha utafiti cha Namulonge hapo Wakiso au afisa kilimo wa wilaya yako, watakuelekeza kwa wakulima wanaozalisha marando safi. Usichukue tu kwa jirani kama majani yamekunjamana au yana madoa ya njano, huo ni ugonjwa na utaupanda nao. Kata marando ya urefu wa sentimita 30 hivi, yapande kwenye matuta mvua ikianza, ya Machi au ya Septemba. Miezi minne hadi mitano unachimba. Majani yake machanga nayo ni mboga, chuma kidogo kidogo bila kuumaliza mmea.

Mama_wa_Gulu

Na usichimbe vyote siku moja. Acha ardhini, chimba vya jioni hiyo tu, vingine uvifunike na udongo.

BabaPacha_Bweyogerere

Nimelowesha maharagwe ya Alhamisi sasa hivi. Mke wangu anauliza odi inapatikana wapi huku Kampala.

Mama_wa_Gulu

Masoko makubwa yana wauzaji wa vyakula vya kaskazini, waulize kwa jina hilo hilo. Onja kwanza. Ikiwa chungu au ina harufu ya mafuta yaliyochina, usiichukue.